Senti 90 za 911 kwenye bili ya simu: zikikusanywa kwa jina la dharura, zifike kwenye dharura

Bi Mkalimani:

Wanajamvi, salaam. Naomba uvumilivu wenu kwa sababu uzi huu ni mrefu.

Kwa miaka sita sasa nafanya kazi ya ukalimani wa simu hapa New Jersey. Nakaa mezani nyumbani kwangu na hedifoni masikioni, na simu inapoingia sijui kama inatoka hospitalini, benki, shuleni au kituo cha 911, namba ya dharura ya Marekani. Ile ya 911 huijua mara moja, kwa sababu mpokea simu hana muda wa salamu: ananiambia nimuulize mpigaji dharura iko wapi, kisha ananyamaza. Siri za wapigaji sizitoi, lakini jambo moja naweza kulisema bila kumgusa mtu yeyote. Watu wetu wengi wakishikwa na hofu huelekeza kwa alama. Watakwambia ni nyuma ya msikiti, pale penye duka la nyama, jengo lenye ngazi ya chuma. Jina la mtaa na namba ya nyumba havitoki mdomoni. Mimi natafsiri maneno hayo kama yalivyo, na wakati huohuo namsikia mpokea simu akigonga kibodi akilitafuta kwenye ramani duara linaloonyesha simu ilipo. Duara likiwa dogo, gari la wagonjwa linaondoka. Likiwa kubwa, tunaendelea kuulizana huku muda unakwenda.

Duara hilo halikuja bure, na wala dakika zangu za kutafsiri si za bure. Kuna fungu linalolipia vitu hivyo. Sehemu kubwa ya Marekani, fungu hilo linaanzia kwenye bili ya simu. Mwezi uliopita niliichukua bili yetu na kuisoma mstari kwa mstari, na chini kabisa, baada ya kodi ya mauzo na makato mengine ambayo macho huyaruka, nikakuta tozo ya 911: senti 90 kwa kila laini. Nyumba yetu ina laini tano, kwa hiyo ni dola 4 na senti 50 kwa mwezi, sawa na dola 54 kwa mwaka. Sikuumia, kwa sababu najua kazi inayofanyika upande wa pili wa waya. Kilichoniumiza ni nilichokigundua baadaye nilipotafuta fedha hizo zinakwenda wapi.

New Jersey ilianza kutoza senti hizo 90 mwaka 2004. Makusanyo ya mwaka mmoja yamekuwa yakizidi dola milioni 100. Lakini vituo vya kupokea simu, ambavyo vingi vinaendeshwa na kaunti na miji, kwa miaka mingi vimetegemea zaidi kodi ya nyumba na ardhi, huku sehemu kubwa ya fedha za tozo ikitumika kugharamia shughuli nyingine za usalama katika bajeti ya jimbo. Kwa hiyo mwenye nyumba analipa mara mbili, kwenye bili ya simu na kwenye kodi ya nyumba, na mpangaji naye anailipa ile ya pili ndani ya kodi ya chumba chake. New York nako hali inafanana. Mwenye simu ya mkononi anatozwa dola 1 na senti 20 kwa mwezi kwa jina la mawasiliano ya usalama wa umma, na sheria yenyewe inapeleka zaidi ya theluthi moja ya fedha hizo kwenye mfuko mkuu wa jimbo.

Si mimi ninayesema kwa uchungu wangu tu. Tangu sheria ya mwaka 2008, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, inatakiwa kila mwaka kuliarifu Bunge ni kiasi gani kila jimbo limekusanya kwa jina la 911 na limekitumia wapi. Kwa mwaka 2019, makusanyo ya nchi nzima yalizidi dola bilioni 3, na takriban dola milioni 200 kati ya hizo zilitumika nje ya kazi ya 911. Majimbo yaliyotajwa mwaka huo yalikuwa matano: New York, New Jersey, Rhode Island, Nevada na West Virginia. Maana yake ni kwamba majimbo mengine mengi yanakusanya fedha hizi na kuziacha zifike zinakotakiwa, kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila historia mtu anaweza kuuliza kwa nini dharura ilipiwe kwenye bili ya simu na si penginepo. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Spika wa bunge la jimbo, Rankin Fite, alipiga akiwa ofisi za mji, na mbunge Tom Bevill akaipokea katika kituo cha polisi. Wakati huo simu ilikuwa waya unaoishia ukutani. Laini moja ilimaanisha nyumba moja, na nyumba moja ilimaanisha kaunti moja, kwa hiyo kampuni ya simu ilijua anwani ya kila mteja. Majimbo na kaunti zilipoanza kutoza senti chache kwa kila laini, hesabu ilikuwa ya haki na nyepesi: kampuni inakusanya pamoja na bili, anayelipa ndiye mwenye chombo cha kupigia, na fedha zinaelekea kituo kilekile kitakachoipokea simu yake siku akiwa na shida.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoivuruga hesabu hiyo. Mwaka 1996 FCC iliziagiza kampuni za simu za mkononi ziwe zinapeleka mahali alipo mpigaji, kwanza kwa kutaja mnara, kisha kwa vipimo vya karibu zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka 2016, zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani hazikuwa na simu ya waya kabisa. Kaunti iliyokuwa ikitegemea tozo ya simu za waya ikajikuta mapato yanapungua mwaka hadi mwaka wakati kazi inaongezeka, kwa sababu ajali moja ya barabarani sasa hupigiwa simu na watu kumi waliopita na magari yao.

Msimamo wangu nauweka wazi. Tozo kwenye laini ya simu naiunga mkono, na niko tayari kulipa zaidi ya senti 90. Ninachokataa ni jina la 911 kutumika kukusanyia fedha ambazo hazitaifikia 911. Karibuni tujadiliane.

---

Baba Zawadi:

Dada yangu, asante kwa maelezo. Mimi ni Mkongo, niko St. Louis, Missouri, tangu mwaka 2013. Umenikumbusha jambo la mdogo wangu. Tulikuwa barabarani usiku, akashikwa na kifafa ndani ya gari. Nilipiga 911, simu ikapokelewa na kaunti ya jirani kwa sababu mnara ulikuwa upande wao. Mama aliyepokea alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia anaihamisha simu, na huko nikaanza upya: jina, barabara, tunaelekea wapi. Mdogo wangu alipona, Mungu ashukuriwe, na yule mama simlaumu hata kidogo. Ila nilijiuliza kwa nini hawaonani kwenye ramani moja. Baadaye nikaambiwa kwamba Missouri hawakuwa wanakata kitu kwenye simu za mkononi. Ni kweli? Na sisi tunaonunua kadi za malipo ya kabla tunalipaje, maana bili hatuletewi?

---

Bi Mkalimani:

Pole sana kaka, na shukrani kwa kutushirikisha. Ni kweli kabisa, na kwangu mimi Missouri ni mfano wenye mafunzo kuliko hata New Jersey.

Wananchi wa Missouri waliulizwa kwenye sanduku la kura mwaka 1999 na tena mwaka 2002 kama wanakubali simu za mkononi zitozwe kwa ajili ya 911, na mara zote mbili walikataa. Likabaki kuwa jimbo pekee lisilo na utaratibu wa kuzitoza simu hizo. Kaunti nyingi zilizoona tozo ya simu za waya inakauka zikaomba kura za kuongeza kodi ya mauzo. Kaunti yenye maduka makubwa ikapata fedha za kutosha. Ile ya vijijini isiyo na maduka haikuwa na cha kutoza, na ndiyo yenye barabara ndefu za giza ambako mtu akipinduka usiku hakuna wa kumwona. Sheria ilibadilika mwaka 2018. Kaunti ziliruhusiwa kuwaomba wapigakura wao hadi dola 1 kwa mwezi kwa kila chombo, na wanunuzi wa malipo ya kabla wakawekewa asilimia 3, inayokatwa dukani wakati wa kununua. Kwa hiyo tazama risiti yako ya kadi, utaikuta.

Kuhusu kuhamishwa kwa simu, sitaki niseme zaidi ya ninavyojua. Mnara haufuati mipaka ya kaunti, na mpaka leo simu huangukia kwa jirani. Tofauti inayoletwa na fedha ni nini kinafuata baada ya hapo: kama jirani anaweza kuihamisha simu pamoja na taarifa alizokwisha kuandika na alama ya mahali ulipo, au anaihamisha sauti peke yake nawe uanze upya. Mitambo ya kizazi kipya, inayotumia njia za intaneti badala ya nyaya za zamani, inaweza kufanya hilo la kwanza, na pia kupokea ujumbe wa maandishi, picha na video. Makadirio ya serikali kuu yaliyotolewa mwaka 2018 yalisema kuihamishia nchi nzima kwenye mitambo hiyo kungegharimu kati ya dola bilioni 9.5 na bilioni 12.7. Ukiziweka zile milioni 200 za mwaka mmoja tu wa 2019 kando ya hesabu hii, utaelewa kwa nini naandika kwa uchungu.

---

Mtu wa Kisauni:

Bi Mkalimani, nakuheshimu, lakini niruhusu nipingane nawe. Mimi niko Mombasa na habari ya kutozwa kwenye simu naijua vizuri. Hapa Kenya ushuru wa muda wa maongezi ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023, na siku zote unaingia Hazina pamoja na mengine. Simu imekuwa ng'ombe wa kukamuliwa na kila mwenye ndoo, kwa sababu ni rahisi kukusanya na mwananchi hana pa kukimbilia.

Swali langu ni la haki. Dharura ni wajibu wa serikali kama ulivyo ulinzi wa mipaka. Mbona jeshi halilipiwi kwa tozo ya mlango? Halafu senti 90 zako anazilipa mfagiaji na anazilipa mwenye kiwanda, sawasawa. Mama mwenye watoto wanne wenye simu anamzidi tajiri anayeishi peke yake. Kwa nini isiwe kodi ya kawaida, ambayo mwenye nacho analipa zaidi?

---

Bi Mkalimani:

Ndugu yangu wa Kisauni, hoja yako ya haki ina uzito na sitaipuuza. Tozo ya kiwango kimoja humwelemea mwenye kipato kidogo, na hesabu niliyoitoa ya nyumba yangu yenyewe inaonyesha hivyo. California walikuwa wakitoza asilimia ya gharama ya maongezi ya ndani ya jimbo, jambo ambalo kidogo lilimwangalia mwenye kuzungumza sana. Lakini kampuni zilipoanza kuuza vifurushi vikubwa vya data, na maongezi yakawa kama nyongeza ya bure, asilimia hiyo ikabaki haina cha kushika, na tangu mwaka 2020 wakahamia kwenye kiasi kimoja kwa kila laini. Chicago mwaka 2018 walikuwa wakitoza dola 5 kwa mwezi kwa laini, na hapo nakubaliana nawe kabisa kwamba kwa familia ya kipato cha chini huo ni mzigo.

Hata hivyo, nakuomba utazame upande wa mpokea simu. Fedha za mfuko mkuu huombwa upya kila mwaka, na kila mwaka kituo cha 911 kinashindana na madarasa, barabara na pensheni. Mtambo wa kupokea simu hauonekani. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe mbele ya kompyuta ya ramani. Mwaka wa ukame wa bajeti, kitu kisichoonekana ndicho huahirishwa kwanza, na nafasi za wapokea simu huachwa wazi hadi waliobaki wanafanya zamu mbili mfululizo. Nimewasikia mimi mwenyewe: unatambua sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti kile tangu jana. Fungu lenye chanzo chake na mlango wake linampa mkuu wa kituo uhakika wa kuajiri mtu leo akijua mwakani atamlipa.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kwa kanuni za FCC, simu ya mkononi isiyo na kifurushi, hata isiyo na mkataba na kampuni yoyote, lazima iweze kupiga 911 ikishika mtandao. Kwa hiyo aliyekatiwa laini kwa kukosa fedha bado anapokelewa, na sisi tunaolipa ndio tunaombebea. Huu ni ubia, na mimi nauona ni wa heshima kuliko mambo mengi ninayolipia kwenye bili hiyo.

Suala la Hazina ndipo wewe na mimi tunapokutana. Unachokilalamikia Kenya ni fedha za simu kuingia chungu kimoja, nami nalalamikia hilohilo. Tofauti ni kwamba kwenu ushuru wa muda wa maongezi hauitwi jina la huduma yoyote. Huku imeandikwa 911 kwenye karatasi niliyotumiwa nyumbani, na maandishi hayo ni ahadi.

---

Mhasibu wa Dodoma:

Habari za mchana wakubwa. Nataka kuingilia kwenye neno moja: mnaita "tozo", wengine "ada", wengine "kodi". Sisi huku tulijifunza kwa vitendo mwaka 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza mwezi Julai, na kwa malalamiko ya wananchi ikapunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache. Serikali ilieleza ni ya madarasa na vituo vya afya, lakini swali la wengi lilikuwa: inalindwa na nini isitumike kwingine? Je, huko Marekani jina lina uzito wowote kisheria?

---

Bi Mkalimani:

Mhasibu, umeuliza swali la kitaalamu, na jibu ni kwamba jina lina uzito mkubwa, angalau California.

Miji kadhaa ya huko, ikiwamo San Jose na Union City, iliweka malipo ya kila mwezi kwenye laini za simu kwa ajili ya vituo vya dharura na kuyaita "ada". Neno hilo lilichaguliwa kwa sababu. Katiba ya California, baada ya mabadiliko yaliyopigiwa kura mwaka 1996, inautaka mji uwaulize wananchi kabla ya kuongeza kodi, na kodi yenye matumizi maalumu inahitaji theluthi mbili ya kura. Ada haina masharti hayo. Kampuni za simu zikaishtaki Union City, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba malipo yale ni kodi maalumu, maana huduma ya dharura ni ya kila mtu, haiuzwi kwa mwenye laini peke yake. Mwaka huohuo San Jose wakalipeleka suala kwa wapigakura, wakapunguza kutoka dola 1 na senti 75 hadi dola 1 na senti 57, na wananchi wakakubali.

Mimi napenda sana jinsi San Jose walivyomaliza. Watu walielezwa ni kiasi gani, wakapunguziwa kidogo, wakapiga kura ya ndiyo. Lakini kuna mtego ambao mhasibu kama wewe utauona mara moja. Katika utaratibu wa California, kodi inayofungwa kwa kazi moja ndiyo inayodai theluthi mbili, wakati kodi ya mfuko wa jumla inapita kwa wingi wa kawaida wa kura. Kwa hiyo mji unaotaka kupita kirahisi unavutwa kuziacha fedha zake bila kufuli. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mlipakodi ikajikuta inaadhibu uaminifu.

Kuhusu ulinzi, serikali kuu imejaribu kwa hatua ndogondogo. Sheria ya mwaka 2004 iliyanyima ruzuku za 911 majimbo yanayohamisha fedha, na mwaka 2019 zilipogawiwa dola milioni 109 kwa ajili ya mitambo mipya, majimbo 34 na mataifa mawili ya wenyeji asilia walizipata. Kisha Bunge likaiagiza FCC, kwa sheria ya Desemba 2020, ifafanue nini ni matumizi halali. Kanuni zilipitishwa Juni 2021: mitambo ya kupokea simu, mishahara na mafunzo ya wapokea simu na wanaoelekeza magari vinakubalika, kuhamishia fedha mfuko mkuu hakukubaliki. Adhabu mpya ni kwamba jimbo linalohamisha haliruhusiwi kukaa kwenye kamati za ushauri za FCC. Nasema kwa masikitiko kwamba adhabu hiyo ni nyepesi mno. Jimbo linalochota makumi ya mamilioni kila mwaka halitaacha kwa sababu limekosa viti vya mkutano.

Kufuli la kweli ninaloliona ni la ndani ya jimbo lenyewe: fungu liandikwe kwenye katiba ya jimbo, na kaunti ipewe haki ya kudai mgao wake mahakamani.

---

Ukhti wa Columbus:

Dada, mimi niko Ohio na sina utaalamu wa sheria. Nataka tu kujua, nikifungua bili yangu leo nitafute neno gani, na nitajuaje kama jimbo langu ni miongoni mwa yale yaliyotajwa?

---

Bi Mkalimani:

Ukhti, fungua ukurasa wenye kodi na makato, si ukurasa wa kwanza wenye jumla. Tafuta tarakimu 911 au herufi E911. Kuna majimbo yanayotumia jina jingine lenye neno la usalama wa umma, kama New York. Hesabu ni laini ngapi zinatozwa, maana saa ya mkononi na tableti zenye namba zao nazo huweza kutozwa. Kisha ingia tovuti ya FCC utafute ripoti ya mwaka ya makusanyo ya 911. Ndani yake kuna jedwali la kila jimbo na majibu ambayo jimbo lenyewe limeyajaza kwa mkono wake. Ohio halikuwa miongoni mwa matano ya mwaka 2019 niliyoyataja.

Ukiwa na karatasi hizo mbili, bili yako na ukurasa wa jimbo lako, mwandikie mjumbe wa bunge la jimbo anayewakilisha mtaa wako. Mimi nimemwandikia wa kwangu mwezi huu, nikaambatanisha nakala ya bili ile ya laini tano nikiwa nimeupigia mstari wa senti 90. Msaidizi wake amenijibu kwamba barua imefika na nitaitwa kwenye simu wiki ijayo.

Zamu yangu inaanza saa mbili usiku. Maswali yatakayobaki nitayajibu kesho mchana, inshallah.